Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi

Uchovu wangu una makao yake. Unaanzia nyuma ya magoti, unapanda mgongoni, na ukishafika katikati ya mabega unatulia hapo kama mpangaji asiyejua kuhama. Napiga pasi katika kiwanda cha nguo tangu kijana wangu yuko darasa la kwanza, na sasa kijana huyo ana ndevu na anaendesha magari ya watu Uarabuni. Kazi yangu ni suruali. Zinaletwa zimekunjamana, zinaondoka zimenyooka, na kesho yake zinaletwa nyingine. Kazi yote ni ya kusimama. Viti viko ofisini.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na nguvu za kuchezea wakati kina mama wa kanisa letu pale Chaani waliponiuliza kama niko tayari kuvaa kitambaa.

Kitambaa chenyewe ni cha buluu, cha kufunga kichwani, na ukikiona barabarani siku ya Jumamosi ujue mwenye kukivaa anakwenda kumwosha mgonjwa. Kuna watu mtaani kwetu ambao hawawezi kujiosha tena: waliopooza, waliovunjika, wazee waliokwisha nguvu tu. Kina mama hawa huenda wawili wawili, nyumba kwa nyumba, wakiwa wamebeba beseni, sabuni na leso. Mtaani wanaitwa kina mama wa beseni. Wanaume wa kanisa nao wana kamati ya maombi, na huwaombea wagonjwa hao hao wakiwa wameketi.

Mimi nilikuwa na deni kwao la aina yake. Mume wangu alipougua ugonjwa uliomwondoa, nilikuwa zamu kiwandani kutwa, na mikono ya kina mama hao ndiyo iliyomgeuza kitandani na kumtia poda mgongoni. Hakupata kidonda hata kimoja. Baada ya mazishi mwenyekiti wao alikuja kunipa pole, akanywa chai yangu, akaniambia kwa upole kwamba wanapungukiwa na mikono. Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilisema nitakuja nione.

Wana utaratibu wao wa kazi, nao hauna mzaha. Mmoja anaitwa mwenye miguu. Huyo ndiye anayeosha, anayegeuza, anayevuta shuka chafu na kuingiza safi bila kumwinua mgonjwa, na hatakiwi kusema neno. Mwingine anaitwa mwenye kichwa. Huyo huketi pale kwenye mto wa kitanda, hushika kichwa cha mgonjwa kwa mkono mmoja na leso kwa mkono mwingine, akiisogeza mwilini kufuatana na maji, ili mtu asiwe uchi wote kwa wakati mmoja hata siku moja. Na mwenye kichwa kazi yake kubwa ni kuongea. Anaongea tangu maji yanapoingia mpaka yanapotoka, ili akili ya mgonjwa iwe kwenye mazungumzo, isiwe kwenye aibu yake.

Msimu wa kwanza unakuwa mwenye miguu. Msimu wa pili unakuwa mwenye kichwa. Ukipita hapo, unasimamishwa kanisani siku ya Jumapili, mchungaji anakuuliza mbele ya watu wote: "Utatumika mpaka lini?" Jibu ni moja, na hata watoto wa shule ya Jumapili wanalijua: "Mpaka Bwana atakaponiita." Ukishalitamka hilo, Jumamosi zako zote si zako tena. Hukosi mpaka uwe mgonjwa wewe mwenyewe au uwe na msiba. Na wao nao wanakuahidi jambo moja ambalo halisemwi madhabahuni lakini kila mtu analijua. Siku utakapolala wewe usiweze kuinuka, utaoshwa. Wagonjwa mtaani ni wengi kuliko mikono, kuna wanaosubiri mpaka wanakufa wakisubiri, lakini mwenye kitambaa hasubiri.

Sitajifanya mtakatifu. Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Mimi ni mjane, mwanangu yuko mbali, binti sina, na magoti yangu nimeshawaeleza.

Lakini kulikuwa na mamangu.

Mamangu yuko bara, huko kwetu. Unapanda treni ya asubuhi Miritini, unashuka Kibwezi, kisha pikipiki mpaka vumbi likuingie masikioni. Alivunjika nyonga akitoka kuteka maji, na tangu hapo hasimami bila kushikwa. Nilimwomba aje tukae wote Chaani. Alikuja mara moja, akakaa wiki akijipepea kwa kipande cha katoni na kusikiliza malori yakipita, akasema Mombasa ni mahali pazuri pa watu wengine. Akarudi kwake, anakokaa na wifi yangu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikienda, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nikilala usiku mmoja na kurudi kesho yake kwa treni, Jumatatu nikaingia kazini nimevimba miguu. Na kwa kuwa nilikuwa bado sijavishwa kitambaa, kina mama walinivumilia. Mwenyekiti aliniambia wazi, "Mwisho wa mwezi huu wako utakwisha siku utakayosimama."

Kwa hiyo mambo yalikuwa mepesi kuelewa na mazito kubeba. Nikivaa kitambaa, ninapata watu wa kuniosha, na mamangu ananipoteza. Nisipovaa, mamangu ananipata hiyo siku yake moja, na mimi nitazeeka bila kujua nani atakuja mlangoni na beseni.

*

Nilipangwa pamoja na mama mmoja wa kutoka Kaloleni, jirani yangu, ambaye asubuhi hukaanga mahamri na jioni viazi karai. Nitamwita mwenzangu, maana ndivyo tulivyoitana. Mgonjwa wetu alikuwa bikizee aliyepooza upande wa kushoto, mama wa pwani hasa, aliyekuwa akiishi chumba cha nyuma katika nyumba ya mpwa wake. Mpwa ni dereva wa malori ya masafa, leo yuko Kampala, kesho yuko Malaba, na mkewe alikuwa na duka la kuangalia. Mkewe alimlisha vizuri. Lakini kumwosha, alisema, moyo wake haukuweza.

Mwenzangu alipokuwa mwenye kichwa, chumba kile kilikuwa na raha. Alikuwa akiingia tu anaanza, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "Shikamoo mayo, waamkaje?"

"Marahaba. Naamka hivi unionavyo, nusu nusu."

"Nusu yako yatosha, mayo. Wengine tu wazima na hatuna kazi."

Na bikizee anacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Wanasengenya watu wa Kaloleni wa zamani, wanabishana nani alimwoa nani, na mimi kule miguuni nasugua nyayo kwa maji ya mwarobaini, kimya, nimefurahi kwamba hakuna anayenitaka maneno. Wiki nzima kiwandani supavaiza ananipigia kelele masikioni. Kule miguuni nilikuwa ninapumzika, ukiacha mgongo.

Kisha msimu wangu wa kichwa ukafika, tukabadilishana.

Jumamosi ya kwanza niliketi mtoni, nikamshika kichwa, nikaanza kuongea. Nikasema jua limekuwa kali. Akaitikia. Nikasema unga umepanda. Akaitikia. Nikasema barabara ya Miritini ina msongamano siku hizi. Hapo nikasikia sauti yangu mwenyewe, kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni, na bikizee akafumba macho. Tulipomaliza alikuwa bado ameyafumba.

Jumamosi iliyofuata aliyafumba kabla sijafika kwenye unga. Iliyofuata nayo, nilipovuka tu kizingiti nikiwa mbele ya mwenzangu, nikamwona kope zinashuka. Nikaketi na kichwa chake mkononi mwangu, nikawa naongea na paji la uso. Baada ya hapo niliacha kuongea. Niliisogeza leso, nikatazama ukutani kwenye kalenda ya duka la mpwa wake, na kazi ikaisha.

Iliniuma, na ikanikasirisha. Nilikuwa na hakika ni Kiswahili changu. Watu wa pwani hawatukani, lakini ukisema "mimi nilikua nataka kukuja" wanakutazama kwa huruma inayouma kuliko matusi. Mara nyingi mwenye duka amenirudishia neno langu akiwa amelinyoosha, akitabasamu, mimi niliye mtu wa kunyoosha nguo za watu. Nikajiambia, huyu mama amepooza, hana mwingine wa kumwosha, na bado anachagua masikio yake yaingize nini. Nikamwambia mwenzangu tukirudi.

"Hanipendi. Wewe anacheka nawe, mimi nikija analala."

"Mgonjwa kulala ni kitu cha ajabu?"

"Halali. Anafumba macho."

Mwenzangu alihamisha beseni kutoka nyonga moja hadi nyingine. "Wewe nawe," akasema, "unakuja kumwosha mtu, unataka naye akuoshe moyo?" Akaenda kuwasha jiko lake la viazi.

*

Mwenyekiti alikuja kunijulisha kwamba nimepangwa Jumapili ya pili kuanzia hapo. Alikuja na kitambaa chenyewe, akanionyesha, kimenyooshwa vibaya, nikamwambia aniachie nikipige pasi. Akacheka, akasema nitakipiga kitakapokuwa changu. Ni mwanamke mwema. Alimwosha mume wangu. Kila nilipomtazama nilikumbuka hilo, na yeye hakuwahi kunikumbusha, jambo ambalo lilinibana zaidi.

Siku hiyo jioni nilimpigia mamangu. Nilikuwa nimetoka kazini, nimekalia ndoo nje ya mlango kwa sababu ndani kulikuwa na joto, miguu nimeitia kwenye maji. Huwa tunaongea kwa lugha ya kwetu. Nayaandika hapa kama nilivyoyasikia moyoni.

"Una sauti ya usingizi," akasema.

Nikamwambia habari yote: kitambaa, Jumapili, lile swali na jibu lake. Nikamwambia kwamba nikiapa, sitakuwa nikija tena mwisho wa mwezi, labda Krismasi. Nakiri nilikuwa nikingoja alie. Nilitaka alie, ili niwe na sababu ya kumwambia mwenyekiti hapana, na sababu hiyo iwe ya mamangu, isiwe yangu.

Hakulia. Akasema, "Apa tu, mwanangu. Mimi ninaoshwa vizuri."

"Wifi anakuosha vizuri?"

"Wifi yako yuko shuleni anafundisha watoto wa watu. Mimi ninaoshwa na mama mmoja wa kanisa."

Sikujua. Miezi yote hiyo nilipokuwa nikifika Jumamosi nilimkuta ameoshwa, ananukia sabuni, nikamshukuru wifi yangu, na wifi yangu akapokea shukrani. Hakuniambia, nami sikuuliza.

"Mama gani?"

"Humjui. Anatoka ng'ambo ya mto, huja kwa miguu. Ana mikono migumu lakini haiumizi."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu aliyechoka," mamangu akasema. "Akifika pumzi hana. Na nadhani wamemfundisha kwamba lazima aongee na mgonjwa, basi anaongea. Mvua. Mbuzi. Mvua tena. Nikamwonea huruma. Siku hizi nikisikia hatua zake nafumba macho, naye ananyamaza. Namsikia hata pumzi inavyotulia."

"Mama, unajifanya umelala?"

"Nitampa nini kingine? Chai hanywi, anasema atachelewa."

Nilitoa miguu kwenye maji. Sijui kwa nini. Niliona tu siwezi kuendelea kukaa na miguu yangu kwenye maji. Nilimuaga, nikamwambia nitapiga tena, nikaingia ndani nikalala kitandani na nguo za kazi. Nililia kwa kumwonea haya yule mama wa ng'ambo ya mto, ambaye simjui, anayemwosha mamangu huku mimi nikimwosha mama wa mwingine na kununa kwamba sichekewi. Na nililia kwa sababu niliona kitu kingine, polepole, kama mtu anayetafuta swichi ukutani. Lile neno lake, "Apa tu, mimi ninaoshwa vizuri." Hapo pia alikuwa amefumba macho. Alinisikia hatua zangu, akasikia nimechoka, akafumba ili niende.

*

Jumamosi tulikwenda kama kawaida. Mwenzangu akaingia na beseni, mimi mbele yake. Kope za bikizee zikashuka. Niliketi mtoni, nikaweka kichwa chake kwenye kiganja changu, nikaitandaza leso. Mwenzangu akaanza na uso, kisha mikono. Mimi natazama kalenda.

Nikasema, "Shikamoo, mama. Najua hujalala."

Hakufungua macho. Lakini ule upande wa mdomo wake ulio mzima ulitikisika.

"Marahaba," akasema. "Nani kakwambia?"

"Mamangu. Yeye naye anamfanyia hivyo anayemwosha."

Sasa akafungua. Alikuwa na macho ya kahawia mepesi, ambayo sikuwa nimepata kuyaona kwa karibu ingawa nilikishika kichwa chake Jumamosi zote hizo. "Mamako yu mzima?"

"Nyonga imevunjika. Yuko bara."

"Aoshwa na nani?"

"Na mama mmoja wa kanisa la huko."

Akalitafakari hilo wakati mwenzangu akimgeuza ubavu. Kisha akasema, "Mimi nilikuona umechoka, mwanangu. Siku ile ya kwanza wanihadithia unga, na macho yako yamekwisha. Nikasema huyu nimwachilie."

"Mimi nilidhani ni Kiswahili changu."

"Kiswahili chako ni kibaya," akasema, "lakini hilo halimzuii mtu kusikiliza."

Mwenzangu, ambaye kwa sheria hakutakiwa kusema neno kule miguuni, aliangua kicheko mpaka akamwaga maji kwenye shuka safi. Tukatandika upya. Nilikuwa nacheka na machozi yakinitoka, na mgongo ukiuma vile vile, haukupungua hata kidogo. Bikizee akaniuliza mamangu hupenda kula nini, nikamwambia pojo. Akauliza kwetu kuna bahari? Nikamwambia kuna mto, na mara nyingi ni mchanga. Alicheka kwa hilo pia, mto wa mchanga. Tulimaliza kumwosha bila mimi kujua tumefika wapi.

Kabla hatujatoka akaninong'oneza, "Wamwona lini mamako?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lakini wiki ijayo nikiapa, basi tena."

Alinitazama tu, kisha akauliza kama kile kidirisha kimefungwa, maana vumbi la malori huingia jioni.

*

Njiani nilimwambia mwenzangu ninachoogopa. Nilimwambia waziwazi, sikuzunguka. "Nisipoapa, nani ataniosha?"

"Kwani mimi nakwenda wapi?"

"Wewe umenizidi miaka."

"Basi tutalazwa chumba kimoja, waje watuoshe wote, wapunguze kazi." Kisha akaacha mzaha. Alisema yeye aliapa zamani, mumewe akiwa hai, wanawe wadogo, na hajutii. Lakini mamake alikuwa ameshakufa tayari. "Sikuulizwa swali lako, dadangu. Singejua kulijibu."

Nilikuwa na wiki nzima ya kupiga pasi suruali na kufikiri. Kiwandani watu hudhani kazi ya mikono inakuacha huru kufikiri. Si kweli. Unafikiri kitu kimoja hicho hicho, mbele na nyuma, na mvuke unakupiga usoni. Nilitaka kitambaa. Nilikitaka kwa mwili wangu, kama mtu anavyotaka kitanda. Nilijiona mzee, nimelala, nasikia kina mama wakifungua mlango bila kubisha kwa sababu ni haki yangu. Na nilimwona mamangu anasikia hatua za mtu, kila mara za mtu mwingine, anafumba macho.

Jumapili nilisimama.

Tulikuwa wawili. Aliyesimama nami, binti mmoja mwalimu, aliulizwa kwanza, akajibu jibu letu kwa sauti nzuri, akafungwa kitambaa, watu wakapiga makofi na vigelegele. Kisha mchungaji akanigeukia. "Na wewe, mama. Utatumika mpaka lini?"

Nilisema, "Mpaka Bwana atakaponiita. Isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hiyo nakwenda kumwosha mamangu."

Mtu mmoja kwenye kwaya alicheka, akadhani nimekosea. Mchungaji aliinama kidogo, akasema kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kikachukua yote, "Mama, nadhiri haina isipokuwa."

"Naelewa," nikasema.

"Basi tujibu tena?"

"Hilo ndilo jibu langu, mchungaji."

Alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa amesimama karibu yangu, kitambaa kimekunjwa kwenye viganja vyake, na nikaona uso unavyomshuka. Hakunikasirikia, ingekuwa afadhali. Alinihurumia. Alijua ninachokiacha kuliko mtu mwingine yeyote pale ndani. Alikikunja mara nyingine, kikawa kidogo, akakitia kwenye mkoba wake. Mchungaji akaniombea baraka za jumla, zile za wasafiri na wanafunzi, nikarudi kuketi. Niliona aibu mpaka masikio yakawasha. Pia nilikasirika, sikujua na nani. Wakati wa sadaka mtu aliyeketi kando yangu alisogea kidogo, nadhani kunipa nafasi, lakini siku ile niliona kila kitu vibaya.

Kwa hiyo sina kitambaa. Hilo halijabadilika mpaka leo ninapoandika. Nikianguka kesho, nitakuwa mmoja wa wale wanaosubiri.

*

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejilaza, nimeamua kwamba si kazi yangu tena. Mlango ukapigwa teke la taratibu, kwa kuwa mikono ya mpigaji ilikuwa na kazi. Ni mwenzangu, kitambaa chake cha buluu kichwani, beseni kwenye nyonga, harufu ya mahamri.

"Amka. Maji yatapoa."

"Mimi sikuvishwa."

"Nilikuwako. Niliona." Akanikabidhi leso. "Ushawahi kusikia mgonjwa akauliza kitambaa?"

Kama mwenyekiti alijua, hakusema, na mpaka leo hajasema. Tunapokutana ananisalimu kwa mikono miwili.

Tulipoingia chumba cha nyuma bikizee alikuwa macho, ametazama mlango. Niliketi mtoni. Nikamshika kichwa.

"Umeapa?" akaniuliza.

"Sikuapa."

"Na umekuja."

"Nimekuja. Wiki ijayo siji, nakwenda bara."

"Haya. Ukifika huko, mwambie mamako aache mchezo. Amwambie huyo mama aketi kwanza, anywe maji."

"Nitamwambia."

Mwenzangu akaanza kuosha. Uso, mikono, kifua. Nilisogeza leso. Nilikuwa nimepiga pasi wiki nzima na sikuwa na habari ya kumpa, wala sikuitafuta. Tulipofika mgongoni nikaona kope zake zinashuka.

"Mama," nikasema, "tulishakubaliana. Usijifanye."

"Sijifanyi," akasema kwa taabu, ulimi umeanza kulegea. "Leo nina usingizi kweli. Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza. Mdomo wake ukafunguka kidogo kwa mkoromo, kichwa kikawa kizito mkononi mwangu, na mwenzangu akaendelea na miguu.